Kamba wa Mama Mkwe

Matumbo ya kuku yakimwagika ndani ya matatu juu ya Daraja la Nyali, hakuna maneno ya kuomba radhi yakatosha. Kondakta alinishusha Buxton na ndoo yangu, akanirudishia na nauli. Miaka yote niliyokaa Mombasa sijawahi kuona kondakta akirudisha nauli.

Kilichoniponza ni mdomo. Mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Lamu, mara yake ya kwanza kufika kwetu Mikindani, nami nikampigia simu kujipendekeza: "Mama, Jumapili utakula wali kwa kamba niliowavua mwenyewe." Namwambia hayo mtu wa Lamu! Mke wangu aliweka kisu chini, akanitazama, akaendelea kukata vitunguu.

Kuvua sijui. Ajuaye ni ami yangu, ambaye amekuwa akitupa kimia kwenye hori la Tudor tangu mimi sijazaliwa. Lakini nilikuwa nimeona video ya mtu aliyetoboa mtungi wa plastiki, akautia mdomo wa faneli kama wa dema, ule mtego wa samaki, akanasa kamba tele. Nikatoboa mitungi mitatu ya lita 20. Chambo nikagawa: mmoja dagaa, mmoja yale matumbo yaliyosalimika na matatu, mmoja machicha ya nazi, maana nilijiambia kamba wa Mombasa hawezi kukataa nazi.

Ami alikuja kuangalia, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akanipa ushauri wa bure. "Tia dagaa. Kamba mchana hujifukia topeni, hutoka usiku, na hufuata harufu. Na harufu ya chambo ina nguvu saa za mwanzo tu, baadaye maji huiosha. Tega leo usiku, kesho asubuhi maji yakipwa nenda kategue. Usilaze sana."

Nikamwitikia vizuri, kisha nikapiga hesabu zangu. Usiku mmoja kilo moja, basi nikitega Alhamisi na kutegua Jumapili, kilo tatu. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili angeipata.

Alhamisi saa mbili usiku niliingia mikokoni na tochi, tope magotini. Ndala moja ilibaki huko, nahisi ipo hadi leo. Mitungi miwili niliitia mawe ikazama vizuri. Wa machicha mawe yalikuwa yameniishia, nikaufunga kwenye mkoko kwa kamba ya manila, mpya, mita 10, nikaondoka nikipiga mluzi. Sikukumbuka kwamba tunaelekea bamvua, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3.

Jumapili maji yalipwa saa nne na nusu. Mama mkwe alikuwa ameshafika usiku, na nazi imeshakunwa.

Mtungi wa dagaa ulikuwa mzito. Moyo ukaruka. Nikachungulia: maganda. Vichwa vya kamba, miguu, sharubu ndefu zimelala chini kama uzi wa cherehani. Waliingia kweli, na si haba! Katikati yao amekaa kaa mmoja wa mikokoni, mpana kama kisahani, ameshiba, haoni hata haja ya kukimbia. Kumbe mtungi uliolazwa siku tatu huwa hoteli: chambo kikiisha, kamba mwerevu hutafuta mlango akatoka, na mzembe hubaki kumngoja kaa. Nikatia mkono nimtoe. Gando likanishika kidole cha shahada, na ukelele nilioutoa ulisikika mpaka kwenye nyumba za juu. Yeye akaniachia kwa wakati wake, akaenda zake ubavu ubavu.

Wa matumbo ulikuwa na mkunga mmoja mwembamba na harufu ambayo siwezi kuisimulia watu wakiwa wanakula. Nikaupindua palepale.

Wa machicha haukuwepo. Uliondoka na maji, na kama umefika Zanzibar sijui. Kilichobaki mkokoni ni ile manila na shikio la mtungi limening'inia nchani.

Nikaizungusha begani, nikarudi nyumbani na ndala moja, kidole nimekifunga kwa kipande cha shati. Mama mkwe alikuwa barazani anachambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akanitazama miguuni, akapandisha macho taratibu mpaka begani. Akaishika ile manila kwa vidole viwili, akaipima, akamgeukia mke wangu jikoni.

"We mwanangu, bandika chungu. Kamba kaleta."