Filta Inavuja, Maharage Hayaivi

Bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mama mdogo, maana yeye akihadithia anaongeza na vitendo.

Mama mdogo ana gesti yake Kigamboni, vyumba sita tu, na katikati kuna bwawa dogo lenye umbo la haragwe. Bwawa lina fundi wake, mzee mmoja anavuka na pantoni kila baada ya wiki mbili, anasafisha filta, anapima dawa, anakunywa chai, anachukua elfu thelathini yake anaondoka. Asa mimi nilikuwa nakaa pale kwa muda nikisubiri mambo yangu yakae sawa (yanaendelea kukaa), nikawa namwangalia yule mzee anavyofanya, nikaona mbona hamna kitu pale, anafungua, anaosha, anafunga. Nkamwambia mama mdogo hiyo hela si unipe mimi tu, ibaki kwenye ukoo. Akaniangalia muda mrefuuu. Akasema haya, ila Jumapili nina besdei ya watoto, wanakuja saa nane mchana, ole wako.

Filta yetu siyo ile ya mchanga ambayo hoteli nyingi wanayo. Ile kuisafisha unayarudisha maji kinyumenyume halafu unayamwaga nje, ndoo kwa ndoo, na sisi maji tunanunua ya boza, kwa hiyo mama mdogo alivyosikia neno "kumwaga" akasema hapana, nipeni nyingine. Ndo wakamfungia ya katriji. Ni kama pipa dogo la plastiki lenye mfuniko, mfuniko unabanwa na klampu, na ndani kuna hiyo katriji yenyewe, dude la kitambaa limekunjwa marinda marinda kama sketi ya shule. Juu kuna geji ya presha. Yule mzee aliweka alama ya rangi ya kucha nyekundu kwenye 10, akatuambia ikiwa safi inasoma hapo, ukiona imepanda 8 au 10 juu ya alama ujue marinda yameziba. Jumapili asubuhi ilikuwa inasoma 21. Nikafurahi kabisa, kama daktari aliyepata mgonjwa.

Nataka niseme ukweli, mwanzo nilifanya vizuri. Kwanza nikamwaga dawa ya klorini kwenye bwawa ili mpaka saa nane iwe imeshazunguka na kuchanganyika (hapo ndo nilipojifunga kamba mwenyewe, mtaona). Nikazima pampu, nikafungua kile kivalvu cha hewa cha juu, kikapiga pyuuuuu, nikasubiri geji ishuke sifuri ndo nikafungua klampu. Nikatoa katriji. Jamani. Nywele, majani ya mwarobaini, plasta ya kidonda, na utelezi wa yale malosheni wageni wanayojipaka kwa ajili ya jua. Nikaliosha na mpira wa maji kutoka juu kwenda chini, rinda moja baada ya jingine, saa nzima, mgongo ukawa kama nimelima.

Ikabaki oringi, ule mpira wa duara unaokaa chini ya mfuniko. Ulikuwa na tope, na mpira wa maji nilikuwa nimeshaukunja, nikaenda na oringi jikoni. Dada wa jikoni alikuwa anaosha vyombo vya shughuli, sinki limejaa mpaka juu, akaniambia we kaka hayo mauchafu yako peleka chooni. Nikamwambia dakika moja tu dada yangu. Nikausuuza, nikaubandika kwenye kichanja cha vyombo ukauke, nikaenda dukani kunywa soda, maana fundi lazima anywe soda.

Nikarudi, nikachukua mpira wangu mweusi, nikaenda kufunga.

Sasa hapa naomba msinicheke sana. Niliona kama umelala kidogo, hauna ule unene wa duara niliokumbuka, nikajisemea huu ni uzee, hata wewe ukikaliwa na mfuniko miaka mitatu utalala tu. Haukukaa vizuri kwenye mfereji wake, nikauvuta huku, unatoka kule, nikausukuma kule, unatoka huku. Nikachukua mafuta ya mgando ya mama mdogo ya kupaka miguu, nikaupaka wee mpaka ukatulia. Nikafunga mfuniko, nikakaza klampu, nikawasha pampu, nikasimama na mikono kiunoni.

Wanasema kuvuja. Ile haikuwa kuvuja, ile ilikuwa inatema. Maji yalitoka mzunguko mzima wa mfuniko kama mwamvuli, yakanipiga kifuani, yakapita yakaenda kwenye bustani ya mchicha ya mama mdogo. Nikazima.

Nikasema klampu haijakaza. Nikatafuta spana, nikakaza mpaka mkono ukatetemeka, nikawasha. Inatema. Nikakumbuka yule mzee huwa anagongagonga klampu kwa nyundo ya mpira huku anakaza ili ikae sawasawa pande zote, sisi nyundo ya mpira hatuna, nikavua ndala nikagonga na ndala. Nikawasha. Sasa inatema upande mmoja tu, nikaona hayo ni maendeleo. Nikaikausha yote na taulo, nikazungushia toileti pepa kipande kipande nione maji yanaanzia wapi, pengine tatizo ni ile plagi ya chini ya kumwagia maji. Nikawasha. Toileti pepa zote zikalowa kwa pamoja, zikaruka zikatua kwenye bwawa.

Hapo dada wa jikoni akachungulia dirishani. "Kaka, hebu njoo uniangalizie hii presha kuka, leo inapumulia pembeni, haipigi filimbi, na maharage yako ndani tangu saa tatu."

Nikamwambia dada mimi hapa nina tatizo la kitaalamu, sina muda wa maharage.

"Lakini presha haipandi!"

"Hata yangu haipandi!" Na kweli, geji ilikuwa inasoma 3. "Wewe kaza mfuniko!"

Akakaza mfuniko. Nami nikakaza wangu. Tukawa tunakaza wote wawili, yeye ndani mi nje, na kila mtu anamwona mwenzie ndo hajui kazi.

Saa sita nikaufungua tena, nikauzungushia ule mpira thredi tepu, ile nyeupe ya mafundi bomba, safu kama kumi hivi, ukawa kama mguu wa mtu aliyevunjika. Bado. Nikaenda kwa dogo wa jirani nikamwomba tyubu ya baiskeli iliyotoboka, nikakata kipande nikaweka juu ya mpira, mafuta ya mgando juu ya tyubu, tepu juu ya mafuta. Mfuniko sasa ukawa haufungi kabisa, nikaukalia. Yani nilikaa juu ya filta kwa makalio yangu, huku nyuma nimenyoosha mkono nakaza klampu kama mtu anayetafuta zipu ya gauni. Nikawasha nikiwa nimekaa hukohuko juu. Bado kidogo niseme "imekubali", maji yakaja, na safari hii sitaeleza yalipita wapi.

Saa saba na nusu watoto wakaanza kufika. Nilidhani watachelewa, si unajua shughuli zetu, kumbe watoto wa besdei ndo watu pekee Dar nzima wanaofika kabla ya muda. Wamekuja tayari na maboya mikononi, miwani ya kuogelea, wengine wamezivaa kuanzia kwenye gari. Wakajipanga pembeni ya bwawa wananiangalia. Na kuingia hawawezi, kwa sababu dawa nimeshaimwaga asubuhi na bila pampu kuzungusha maji iko palepale nilipoimwaga, mama mdogo mwenyewe alikataa katakata mtoto yeyote asitie hata kidole. Katoto kamoja kakaniuliza, "Anko, mbona bwawa lina toileti pepa?" Sikujibu.

Mama mdogo hakusema kitu. Alinipa simu yake tu, tayari inaita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Inavuja wapi?"

Nikashangaa amejuaje. Nikamweleza yote, kukaza, ndala, tepu, tyubu, na nilivyokaa juu. Kimya. Halafu: "Sasa hivi umekaa wapi?"

"Juu ya filta."

"TOKA HAPO! Pampu ikiwa inafanya kazi mle ndani kuna presha, mfuniko ule ukiachia utakufuata wewe kwanza, na kichwa chako nitakiokota huku Feri! Zima, fungua hewa, usiguse kitu, nakuja."

Nilishuka taratibu kama mtu anayeshuka kwenye kitanda cha mgonjwa.

Foleni ya pantoni Jumapili mnaijua. Lisaa limoja na dakika kumi. Ndani ya muda huo watoto waliimba besdei mara mbili, wakagombana, mmoja akala mshumaa, mama mdogo akapita mbele yangu mara nne bila kunitazama, na jikoni inasikika tsssssss, tsssssss, dada wa jikoni anaiambia presha kuka maneno ambayo mbele ya wageni hayafai.

Mzee akafika. Hakusalimia mtu. Akaangalia geji kama iko sifuri, akafungua klampu kwa mkono mmoja, akaingiza vidole akatoa kile nilichotengeneza, tyubu, tepu, mafuta, toileti pepa kidogo, kinaning'inia kama utumbo wa kuku. Akaanza kumenya. Akafika kwenye mpira wenyewe. Akaugeuza, akauvuta, akaunyanyua kwenye mwanga. Akaunusa. Akaunusa tena.

"Kijana," akasema polepole, "mbona oringi ya bwawa inanuka kitunguu swaumu?"

Kimya kikatanda uwanja mzima, hata watoto. Na kutoka jikoni, kwa heshima zote, tsssssssss.

Tuliingia jikoni wote, mzee mbele, mimi, mama mdogo, na watoto kama saba hivi na maboya yao. Dada wa jikoni akazima jiko, akatoa moshi, akafungua mfuniko, akaugeuza. Oringi yangu hiyo hapo. Nene, ya duara, safi, imebanwa pale ndani ya mfuniko wa presha kuka kama mgeni rasmi.

"Mi nilijiuliza," akasema dada wa jikoni, "mbona leo inakataa kuingia, nikaisukuma na kijiko."

"Na wewe hukuona siyo yenyewe?" mama mdogo akamuuliza.

"Nilijua imevimba kwa maji moto. Na yeye je, hakuona?"

Wote wakanigeukia. Nikasema nilidhani ni uzee. Kuna mtoto alicheka mpaka akakaa chini, na nina uhakika hakuelewa chochote, alifuata mkumbo tu.

Kilichobaki kilimchukua mzee dakika saba, nilihesabu. Alisuuza oringi, akaikagua kwa kidole mzunguko mzima kama ina mpasuko, akafuta ule mfereji na kitambaa kwa sababu alisema hata chembe moja ya mchanga ikibaki pale chini inatosha kuvujisha, akaipaka grisi ya silikoni kidogo sana, yani kama mtu anayepaka wanja. Nikamuuliza kwa hiyo mafuta ya mgando hayafai? Akasema yale yanaharibu mpira, unalainika unavimba, paka miguu yako. Akafunga klampu, akagongagonga pembeni na nyundo yake ya mpira, akafungua valvu ya hewa, akatusogeza wote nyuma, ndo akawasha. Hewa ikatoka pyuu, yakafuata maji matupu, akafunga valvu. Geji ikapanda ikasimama kwenye rangi ya kucha. Chini pakavu. Watoto walipiga makofi, ila baada ya pale walisubiri saa nyingine mbili dawa izunguke na mzee apime, wakaingia jua linakaribia kuzama, na hawakujali hata kidogo.

Maharage yalimwagwa. Kilo mbili, pamoja na nazi zake zilizokuwa zinasubiri. Yalikuwa magumu kama yametoka gunia leo, na mama mdogo alisema hawezi kulisha watoto wa watu kitu kilichochemka karibu masaa sita na mpira wa bwawa. Tukaagiza chipsi mayai sahani ishirini na mbili. Mpira wa presha kuka nao ndo ukawa umekufa, umevutika na kulainika, hata baiskeli hauifai.

Mzee akanywa chai yake. Akaomba kalamu, akaandika kwenye kikaratasi: bwawa 30,000, ushauri wa presha kuka 5,000, nauli ya pantoni kwenda na kurudi. Akampa mama mdogo kwa mikono miwili. Mama mdogo akavaa miwani, akakisoma mpaka mwisho, akaongeza kwa mwandiko wake: maharage, nazi, chipsi, mafuta ya mgando. Akanikabidhi mimi.