Jino la utoto limeoza mpaka mzizini: lisafishwe au ling'olewe tu?

Wazazi wengi wakiambiwa mtoto asafishwe mizizi ya jino la utoto wanagoma, si litatoka lenyewe jamani, ya nini kumtesa mtoto na kumaliza hela? Swali la haki kabisa, na kwa meno ya mbele mara nyingi nipo nao, maana hayo yanaanza kutoka miaka 6 au 7, ukiling'oa mtoto ana 5 hasara ni pengo kwenye picha basi.

Gego la mwisho la utoto ndo kesi nyingine. Lile linakaa mpaka miaka 10 hata 12, na gego la kwanza la ukubwani linaota nyuma yake kwenye miaka 6 hivi, sasa ling'oe mtoto ana 4 uone, lile la ukubwani linajisogeza mbele linakalia nafasi ya mwenzake na jino linalosubiri chini linakosa pa kutokea. Kuna kifaa cha kushikilia nafasi ndio, ila kumwekea mtoto wa miaka 4 ni kazi na lazima kifuatiliwe kila mara.

Wanaopinga nao wana hoja nzito. Mizizi ya magego haya ni myembamba, imepinda, ina vinjia vya pembeni ambavyo faili (kisindano cha kukwangulia ndani ya mzizi) haifiki, kwahiyo hakuna anayesafisha kila kitu, kazi kubwa inafanywa na dawa ya kuoshea. Halafu jino la ukubwani limelala katikati ya mizizi hiyohiyo, ukipitiliza na faili unaweza kuliumiza. Ndo maana hata dawa ya kujazia lazima iwe inayoyeyuka na mzizi, kama mchanganyiko wa kalsiamu haidroksaidi na ayodofomu (dawa ya kuua vijidudu), siyo ule mpira wa kujazia mizizi ya meno ya watu wazima. Faili za mashine zinaokoa muda, na mtoto havumilii kiti muda mrefu, ila daktari asiyezizoea anaweza kutoboa mzizi.

Mimi naokoa gego, kwa masharti. Eksirei ionyeshe mizizi bado ipo ya kutosha na jino libaki na mwili wa kushika kofia ya chuma inayolifunika juu. Mzizi ukishaliwa sana, au sakafu ya jino (chini ya shimo la ndani, mizizi inapoanzia) imetoboka, ng'oa. Mtoto mwenye kinga dhaifu au baadhi ya magonjwa ya moyo pia ng'oa, kubakiza bakteria mle ni kucheza na damu yake.

Na hiyo kofia isirukwe kupunguza bili, kujaza kwa kawaida kukivuja uchafu unarudi mizizini na jino linang'olewa vilevile.