Mgonjwa wa akili akiulizwa, jibu lake lina uzito gani?

Mwaka 1994 jarida la Consumer Reports la Marekani, linalofahamika zaidi kwa kupima magari na mashine za kufulia, liliwauliza wasomaji wake 180,000 kuhusu tiba ya afya ya akili. Waliorudisha dodoso ni kama 22,000. Waliokuwa wamekwenda kwa mtaalamu, daktari wa kawaida au kikundi cha kusaidiana ni takriban 4,100. Matokeo yalichapishwa mwaka uliofuata, naye mwanasaikolojia Martin Seligman akayatetea mbele ya wanataaluma wenzake. Wengi hawakushawishika.

Namba iliyovuma ndiyo dhaifu kuliko zote. Kati ya watu 426 waliosema walianza tiba wakiwa hoi, asilimia 87 walisema sasa wako vizuri sana, vizuri, au angalau hivi hivi. Hiyo "hivi hivi" imebebeshwa mzigo mzito. Isitoshe, hali ya mwanzo haikupimwa siku ya kwanza. Mtu aliikumbuka siku anayojaza karatasi, na aliyepata nafuu huweza kuiona jana yake mbaya kuliko ilivyokuwa. Tena watu hutafuta msaada wakiwa wamezidiwa kabisa, kipindi ambacho baadhi yao wangepanda kidogo hata bila tiba. Kundi la kulinganisha, yaani watu wa hali ileile wasiotibiwa, halikuwepo. Asilimia 87 haithibitishi kwamba tiba inaponya.

Lakini wakosoaji hufika hapo wakafunga faili, na ndipo wanapokosea. Jaribio la kitabibu humchukua mgonjwa mwenye tatizo moja, likampangia vikao, tuseme 12, na tabibu akafuata mwongozo. Kliniki haiko hivyo. Anayekuja ana sonona, ndoa inayumba, na pombe imeongezeka. Tabibu hubadili njia ya kwanza ikigoma. Mgonjwa humwacha huyu akamtafuta mwingine. Anayeweza kueleza safari yote hiyo ni mgonjwa mwenyewe.

Na majibu yao hayakuwa sifa tupu. Washauri wa ndoa walipata alama za chini kuliko wanasaikolojia, madaktari wa akili na maofisa ustawi wa jamii, ambao walikaribiana. Kama waliojibu walikuwa wenye shukrani tu, mbona waliwabagua hao? Ambao bima iliwabana wasichague tabibu au muda wa tiba walipata nafuu ndogo zaidi. Kwa mgonjwa hilo ni jambo zito, na jaribio lenye vikao vilivyopangwa tangu mwanzo lisingeliona.

Waliotibiwa zaidi ya miezi sita nao waliripoti nafuu kubwa kuliko wa muda mfupi. Hapa nasita: ambao tiba haikuwafaa huondoka mapema, kwa hiyo waliobaki ni wale iliyowafaa.

Dosari hizi zina dawa. Muulize mgonjwa hali yake kabla ya kikao cha kwanza, kisha rudia maswali yaleyale, bila kubadili neno, kila baada ya wiki kadhaa. Karatasi asiikusanye tabibu wake. Kuridhika na kupata nafuu vipewe alama tofauti, maana mtu huweza kumpenda tabibu na bado halali usiku. Dodoso la CSQ-8, lenye maswali manane na jumla ya alama 8 hadi 32, hupima kuridhika peke yake, na alama zake huelekea kujazana juu, yaani karibu kila mtu husema ameridhika.

Kliniki isiyo na fedha za kufanya yote ianze na waliokatisha tiba. Wapigiwe simu na mtu asiyewahudumia, waulizwe kwa nini hawakurudi.