Acheni Kiuno, Anzeni na Shingo

Msimu wa kwanjula, sherehe za bwana harusi kutambulishwa ukweni, ukipamba moto Kampala, mafundi wa nguo wa mtaa wa Kiyembe husikia ombi lile lile kutwa nzima: "Fundi, nipunguzie kiuno." Koti limejikunja mgongoni? Punguza kiuno. Linapwaya kifuani? Punguza kiuno. Kola imeachana na shingo? Kiuno tena. Fundi ana foleni, na mwenye pesa ni mteja, kwa hiyo anachora chaki, anabana mishono ya ubavuni na kupiga pasi. Mtu anaondoka na kasoro yake ile ile, ila sasa koti linambana pia.

Maoni yangu ni kwamba kiuno kiguswe mwisho kabisa. Uzito wa koti unabebwa na shingo na mabega. Huko juu pakikosewa, chini patajikunja tu, na mkunjo wenyewe mara nyingi hutokea mbali na kosa lililouleta. Ndiyo maana mteja anaonyesha kidole mahali pasipo na tatizo.

Jaribio la kwanza halina gharama. Vaa koti, fungua vifungo vyote, tikisa mabega kidogo, acha mikono ilegee. Kisha mtu akupige picha kwa nyuma na ubavuni, kwa sababu ukijigeuza kutazama kioo, koti nalo linapindika na kukudanganya. Mikunjo ikitoweka baada ya kufungua vifungo, koti linabana kifuani, kiunoni au nyongani. Ikibaki pale pale, achana na kiuno, tafuta juu. Na tafadhali simama unavyosimama siku zote. Wengi wetu tukipimwa tunakaza mwili kama askari kwenye gwaride, kifua mbele, tumbo ndani, halafu tunashangaa kwamba suti haikai tukiwa nyumbani.

Kasoro ninayoiona zaidi ni ule mkunjo wa kulala, unaopita chini ya kola kutoka bega hadi bega. Watu hudhani mgongo ni mpana. Sivyo. Ni urefu uliozidi: mwenye koti ana mabega yaliyonyooka, au anasimama wima kuliko fundi alivyokadiria, basi nguo ya mgongoni inakosa pa kwenda na kujikusanya. Hakikisha hivi: mtu aukusanye mkunjo ule kwa vidole, aushikilie kwa pini chini kidogo ya kola, kisha atazame mgongo wote. Ukishuka vizuri hadi kwenye pindo, kipimo cha kazi ni kile kile kilichoshikwa na pini. Fundi atafumua kola, akate shingo ya nyuma ishuke kiasi hicho, airudishe kola mahali pake. Ni kazi ya mikono inayotaka utulivu, na mshono wa ubavuni hauguswi hata kidogo.

Mabega yaliyoteremka huleta dalili nyingine: mikunjo ya mshazari inayoanzia karibu na shingo na kushukia kwapani. Kwa huyo, pedi nene kidogo ndani ya bega inaweza kumaliza kesi. Wengi pia wana bega moja lililo chini kuliko jingine, hasa waliozoea kubeba begi upande mmoja. Pedi ya upande huo iongezwe, basi.

Aliyeinama mgongo ndiye mwenye kazi ngumu, na kwa jinsi tunavyoinamia simu, idadi yetu inakua. Mgongo wake unahitaji nguo ndefu zaidi kwa nyuma. Isipotosha, kola inavutwa kuachana na shingo na pindo la nyuma linapanda juu. Kama fundi aliacha nguo ya akiba ndani ya mshono wa bega na shingo, anaweza kuiachia. Kama hakuacha, nguo haiongezeki kwa maombi.

Mikono nitaisema kwa kifupi. Koti likiwa na mikunjo nyuma ya mkono tu, juu ya kiwiko, huenda mikono yako inaning'inia mbele au nyuma kuliko ile ya koti ilivyoshonewa. Mkono wa koti ufumuliwe, uzungushwe kama sentimita moja, urudishwe. Shimo likionekana chini kidogo ya ncha ya bega, bega ni pana mno kwako. Kwapa likiwa chini sana, ukiinua mkono kusalimia koti zima linapanda. Hilo la kwapa liache kama lilivyo, nguo iliyokatwa imeshakatwa.

Hapo ndipo ninapogombana na wapenzi wa mivumba, yaani mitumba. Soko la Owino utapata koti la sufu zuri sana kwa bei ya chakula cha siku chache, na mtu analichukua la bega pana akijiambia fundi atalirekebisha. Kupunguza bega ni kutoa mkono, kufungua bitana, kukata, kupunguza pedi na kushona yote upya. Gharama itapita bei ya koti. Chagua kwa bega na shingo. Kiuno na urefu wa mkono vitashughulikiwa. Ukitaka kuachia kiuno, papasa kwanza mshono wa katikati ya mgongo usikie kama kuna nguo ndani, na kumbuka nguo ya zamani ikifunguliwa huonyesha mstari wa rangi iliyopauka. Malengelenge ya nguo kifuani mwa koti nayo si suala la vipimo: gundi inayoshika kitambaa cha ndani imeachia, pengine kwa kufuliwa na maji, na hakuna cherehani itakayoyatibu.

Kama koti ni la kuvaliwa juu ya kanzu, nenda na kanzu yenyewe kwa fundi. Kanzu ina nguo nyingi, na koti lililopimwa juu ya shati jembamba litatoa mikunjo ya X kwenye kifungo mbele ya wakwe. X ndogo huisha kwa kusogeza kifungo. Kubwa inataka mishono iachiwe.

Kwa anayeshonesha jipya, omba koti lijaribiwe likiwa limepigwa bandi tu, yaani mishono mirefu ya muda, kabla mikono na kola havijashonwa moja kwa moja. Mafundi wengi watakwambia hawana muda, na nawaelewa, kwa kuwa hatujawahi kuwalipa kwa kutazama, tunawalipa kwa kushona. Mwambie mapema kwamba siku ya kujaribu ina malipo yake, tena mkubaliane kiasi kabla hajakata kitambaa. Na usiende wiki ya harusi.