Homoni ya panya ikipanda, imepandishwa na nini?

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, kwa fedha za Jeshi la Anga la Marekani, waliweka panya 100 kwenye mawimbi ya megahezi 2450, masafa yaleyale ya maikrowevu ya jikoni. Walikaa humo saa 21 na nusu kila siku, kwa miezi 25. Wengine 100 waliishi kwenye vizimba vya namna hiyohiyo bila mawimbi. Damu ilipopimwa mara ya kwanza, wale waliopigwa mawimbi walikutwa na kortikosteroni nyingi zaidi. Kwa panya, hiyo ndiyo homoni ya msongo, kama kotisoli kwa binadamu.

Wenye hofu na mionzi, wanaosema mawimbi huvuruga homoni, hushikilia hapo, na hawashikilii hewa. Dozi, yaani nguvu ya mawimbi inayonyonywa na mwili, ilikuwa wati 0.4 kwa kilo, ikashuka hadi 0.15 panya walipokua. Si dozi ya kumtoa panya jasho, kama panya angetoka jasho kama sisi. Ila vipimo vilivyofuata havikuonyesha tofauti ile, na jaribio la kurudia halikuipata. Anayekusimulia kipimo cha kwanza akakuficha cha pili anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Upande wa pili husema: kinachopandisha homoni ni joto la mawimbi tu. Wana ushahidi mzuri. Watafiti Lotz na Michaelson walionyesha mwaka 1978 kwamba kwa dozi kubwa kortikosteroni ya panya hupanda sambamba na joto la mwili. Baadaye wakawatoa panya tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, na tezi za adrenali, zinazotoa homoni hiyo, zikanyamaza. Maana yake mawimbi hayakuichokoza adrenali moja kwa moja. Amri ilitoka kichwani, kama inavyotoka mnyama akikosa kivuli. Tena panya akibanwa tu kwenye mrija wa plastiki, homoni hiyo hupanda hata mtambo wa mawimbi ukiwa umezimwa. Ndiyo maana utafiti wa kuweka simu chini ya kizimba, bila kupima dozi wala kuwa na kundi la kulinganisha, mimi huupita.

Hata hivyo, "joto tu" ni jibu la haraka mno. Viwango vya usalama vya kimataifa vilianzia kwenye wati 4 kwa kilo, dozi iliyovuruga tabia za wanyama waliofunzwa, kwa kawaida katika majaribio ya muda mfupi. Wanaofanya kazi karibu na mawimbi wakawekewa sehemu ya kumi, 0.4, raia sehemu ya hamsini, 0.08. Homoni za uzazi na za tezi ya thairoidi hazifanyi kazi kwa dakika tu. Mabadiliko yake huweza kuchukua wiki. Dozi ya juu ya Seattle ndiyo hiyohiyo 0.4 ya wafanyakazi, kwa hiyo kwangu jaribio lile, pamoja na kipimo chake kimoja kilichopotoka, lina uzito kuliko majaribio kumi ya nusu saa.

Halafu kuna ukubwa wa mwili. Panya mdogo wa nyumbani, si yule mkubwa wa Seattle, hunyonya mawimbi vizuri zaidi karibu na megahezi 2450. Mtu mzima, karibu na 70. Masafa yaleyale, mwili mwingine, dozi nyingine kabisa.