Nunua bunduki, usinunue hadithi?

Tuseme mezani pana Parker, bunduki ya marisau ya mitutu miwili, kazi ya kiwanda cha Meriden, Connecticut, ya mwanzoni mwa karne ya 20. Kitako ni cha mjozi wenye mistari kama moshi, na ubavuni mwa chuma kuna nakshi ya mbwa wawili wakinusa kware. Muuzaji anasema ni daraja la DHE, na bei yake inafuata daraja hilo. Mnunuzi mwenye subira anainakili namba iliyogongwa kwenye chuma, anaituma kwa chama cha wakusanyaji wa Parker, na jibu linarudi: daftari la kiwanda limeiandika bunduki hiyo kuwa VH, daraja la kawaida, mitutu ya inchi 30. Iliyo mezani ina inchi 26. Mbwa ni wazuri, ila hawakuzaliwa Meriden.

Visa vya namna hii ndivyo vilivyowapa wakusanyaji wa bunduki za kale za marisau usemi wao: nunua bunduki, usinunue hadithi. Chuma na mbao vinapimika. "Hii ilikuwa ya babu yake fulani" haipimiki. Upande wa pili wapo wanaosema bunduki isiyojulikana imepita mikono ya nani ni nusu ya kitu, na kwamba kuwafuatilia wamiliki wake mmoja baada ya mwingine ndiyo kazi yenyewe ya mkusanyaji, vinginevyo analimbikiza tu. Mimi naona ugomvi huu umekaa vibaya tangu mwanzo, kwa sababu hadithi na ushahidi vimetiwa kapu moja.

Watetezi wa ufuatiliaji wana mfano wao mkubwa. Mwaka 1909, Theodore Roosevelt alipokuwa akijiandaa kutoka Ikulu ya Marekani kwenda kuwinda Afrika Mashariki, mtengeneza bunduki Ansley Fox wa Philadelphia alimzawadia bunduki ya A.H. Fox ya daraja la juu, FE. Roosevelt alishukuru kwa barua, akasema karibu aone haya kuipeleka Afrika ikapate misukosuko. Akaipeleka hivyo hivyo, na akaisifu katika kitabu chake cha safari. Mwaka 2010 iliuzwa katika mnada wa James D. Julia huko Maine kwa dola 862,500. Ni kweli fedha hiyo haikulipia chuma. Lakini tazama kilichosimama nyuma ya jina: aliyeitoa anajulikana, aliyeipokea aliandika mwenyewe, na safari yenyewe ilishuhudiwa na dunia nzima. Viondoe hivyo, abaki mtu anayeapa tu, uone ni wangapi watakaoinua mkono mnadani.

Tatizo ni kwamba bunduki nyingi hazina Roosevelt. Zina mstari mmoja katika leja, yaani daftari la kiwanda. Parker ilitengeneza bunduki zipatazo 242,000, na hata baada ya Remington kuinunua kampuni hiyo mwaka 1934, sehemu kubwa ya madaftari yake imesalia. Kumbukumbu za Winchester na L.C. Smith, watengenezaji wengine wa Marekani, ziko katika jumba la makumbusho la Cody, Wyoming. Huko Uingereza, kampuni ya bunduki ya Purdey, iliyoanza mwaka 1814, bado ina leja zake. Mtu anayeona leja hizi kwa mara ya kwanza hudhani amefika mwisho wa safari, kumbe ndiyo kwanza ameanza. Leja inaeleza kuzaliwa: daraja, urefu wa mitutu, tarehe, nani alipelekewa. Na mara nyingi huyo "nani" ni duka. Bunduki iliyopelekwa Abercrombie & Fitch wa New York, enzi walizokuwa wauzaji wakubwa wa zana za uwindaji, njia yake inaishia kaunta, mpaka upate kumbukumbu za duka lenyewe. Kutoka hapo hadi leo panaweza kupita miaka 90 ya kimya.

Ndani ya kimya hicho kinachosema ni chuma, na hapa wenye usemi wao wana haki kabisa. Ondoa mitutu ya bunduki ya Kiingereza uigeuze: chini yake zimegongwa alama za ofisi ya kupima mitutu, ya London au ya Birmingham. Ukikuta maneno NOT FOR BALL, yaani mtutu umebanwa mdomoni na haufai kurusha risasi nzima, ujue alama hiyo iligongwa kati ya 1875 na 1887. Anwani juu ya mitutu nayo ina lake. Purdey iliyoandikwa 314½ Oxford Street imetoka kabla kampuni haijahamia South Audley Street mwanzoni mwa miaka ya 1880. Sasa mtu akikuletea hiyo na kukuambia mkuu fulani aliiagiza ikiwa mpya mwaka 1895, huna haja ya kubishana naye. Njia ya mwongo ni fupi. Sanduku la ngozi ndilo la kuogopa: lebo iliyo ndani yake inaweza kuwa halisi, sanduku halisi, bunduki halisi, na vitatu hivyo vikawa havijawahi kukaa pamoja kabla ya mwaka jana.

Wapo wanaofikiri serikali lazima inajua. Mara nyingi haijui, na kwa miaka mingi haikujua. Nchini Uingereza vyeti vya bunduki za marisau vilikuja na sheria ya mwaka 1967, na ni sheria ya 1988 iliyodai kila bunduki iorodheshwe kwenye cheti. Nchini Marekani, kabla ya 1968 mtengenezaji hakulazimika hata kugonga namba kwenye bunduki ya marisau, iliyotengenezwa hadi mwaka 1898 sheria ya shirikisho inaihesabu kuwa ya kale, na tangu 1986 serikali hiyo imekatazwa kuanzisha rejista ya wamiliki. Mkusanyaji anaweza kulalamika, lakini mmiliki ana hoja nzito: orodha ya nani ana bunduki ya bei hiyo, na nyumba gani, ni zawadi kwa wezi. Ndiyo maana kiwanda kitakutajia mnunuzi wa 1890 na kunyamaza juu ya aliyeileta kufanyiwa ukarabati juzi. Hilo mimi silioni kuwa ubaya.

Kuna kimya kingine ambacho sikivumilii kwa urahisi hivyo. Aprili 1945 jeshi la Marekani liliingia Suhl, mji wa Thuringia uliokuwa moyo wa utengenezaji wa bunduki za uwindaji Ujerumani: viwanda vya Merkel, Sauer, Krieghoff. Raia waliamriwa kusalimisha silaha, na bunduki nyingi za uwindaji zikavuka bahari ndani ya mizigo ya askari. Leo zikiuzwa, karatasi ya kibali iliyosainiwa na ofisa wa jeshi huongeza bei, kwa kuwa inathibitisha zimetoka huko. Lakini karatasi hiyo inamtaja aliyechukua. Aliyechukuliwa hatajwi. Bunduki za Suhl za kipindi hicho hugongwa mwezi na mwaka wa kupimwa, kwa hiyo iliyoandikwa 4 38 ilipimwa Aprili 1938, na Novemba mwaka huo huo Wayahudi wa Ujerumani walikatazwa kwa amri kuwa na silaha yoyote. Iliishia kwa nani? Kwenye sanaa swali hili linaulizwa rasmi tangu kanuni za Washington za mwaka 1998 kuhusu sanaa iliyoporwa na Wanazi. Kwenye bunduki linapitwa tu, na "ililetwa na askari mwaka 1945" husomwa kana kwamba historia ilianza siku hiyo.

Hapo ndipo nisipokubaliana na wanaosema usinunue hadithi. Wao wanachunga mfuko wa mnunuzi, na kwa kazi hiyo ushauri wao unatosha. Ila ukiutumia kwa kila jambo unakuwa kisingizio cha kutouliza. Na wale wa upande wa pili, wapenda minyororo ya wamiliki, wana ugonjwa wao: hawawezi kuona pengo bila kulijaza. Mtu alikuwa na jina la ukoo linalofanana na herufi za kwenye kibati cha kitako, basi ni yeye. Kesho katalogi ya mnada inaandika "inaaminika", keshokutwa katalogi nyingine inanukuu ya kwanza, na neno "inaaminika" limedondoka njiani. Ningependelea kununua bunduki ambayo maelezo yake yanasema wazi: 1912 hadi 1978, haijulikani.

Ufuatiliaji ulionishawishi zaidi hauhusu jina kubwa hata kidogo. Bunduki bora za Kiingereza ziliagizwa mara nyingi kwa jozi, na kila moja kutiwa namba ya dhahabu, 1 na 2, kwenye mitutu na kwenye wenzo wa kufungulia. Baba anafariki, wana wawili wanagawana, jozi inavunjika. Baada ya vizazi viwili mtu anainunua namba 2 mnadani, anaangalia leja, anakuta namba ya dada yake imeandikwa mstari wa juu.