Kursi iliyokatwa katikati

Kuna filamu ya kutisha inayopita kutoka simu hadi simu hapa Wete, na watu wamegawanyika kwa ajili yake. Wameitengeneza vijana wa hapa hapa Pemba kwa kamera moja, nyumba ya udongo ya jamaa yao na shamba la mikarafuu lililo nyuma ya nyumba hiyo. Jina lake naliacha, maana ninayotaka kuyasema yanazigusa filamu nyingi za namna hii. Kisa ni kifupi: msichana wa skuli ya sekondari anachelewa shambani hadi magharibi inaingia, anapandwa na jini, mama yake anamwita maalim, maalim anasoma, jini anaungua.

Wanaoitetea wana hoja moja kubwa, nayo ni pesa. Vijana hawana taa, hawana kinasa sauti cha maana, upepo unavuma ndani ya maneno ya watu, na bado wamemaliza kazi. Utawalaumuje? Halafu mama wa yule msichana anazungumza Kipemba chenyewe, kile cha nyumbani, ambacho kwenye filamu za Bara hukisikia ila pale mtu anapotaka kuchekesha. Kwa hili peke yake nami ningewapa mkono.

Lakini hoja ya pesa naikubali nusu. Paranormal Activity ya Marekani ilipigwa mwaka 2006 ndani ya nyumba ya mwongozaji wake, Oren Peli, kwa takriban dola 15,000, ikaja kuingiza zaidi ya dola milioni 190. Najua kwa kijana wa Wete hizo dola 15,000 nazo ni ndoto. Ninachokitazama mimi ni kile kinachotisha mle ndani: kamera imesimamishwa chumbani usiku, watu wamelala, mlango unasogea kidogo. Mlango kila nyumba unao. Vijana wetu wao wamenunua barakoa la mpira lenye meno, wakalimulika kwa tochi, na tangu dakika ile jini anapoonekana uso, watoto waliokuwa wamejificha nyuma ya mama zao wanatoka kumtazama vizuri.

Na wanaweza kufanya vyema kuliko hivyo, maana mle mle mna kipande kisicho na mfano. Maalim anaandika kombe, yaani aya za kuoshwa kwa maji na kunyweshwa mgonjwa. Sahani nyeupe, zaafarani, kalamu ya mti. Anamimina maji, na kamera inabaki pale pale juu ya sahani mpaka herufi zinaanza kulegea, zinatoka mkia, maji yanageuka manjano. Hakuna muziki. Msichana ananyweshwa, na jicho lake moja liko juu ya ukingo wa sahani, linamtazama maalim. Kipande hiki hakikugharimu kitu, na ndicho kilichonikosesha usingizi.

Wanaoikataa kwa ajili ya dini wamefanyiwa haraka sana kuitwa washamba. Mimi niliwaelewa siku nilipoitazama mara ya pili, ukumbini kwa shangazi yangu, flashi imechomekwa kwenye televisheni na majirani wamejaa mkekani. Ilipofika maalim anasoma Ayatul Kursi, ile aya ya Qur'ani isomwayo kwa kinga, sauti ilikuwa nzuri, chumba kikatulia. Akafika pale panapouliza ni nani huyo awezaye kuombea mbele Yake bila idhini Yake, na kabla swali halijakamilika mhariri akakata, ikaingia ngoma ya kompyuta na mlio wa jini. Shangazi akasema, "Zima hiyo, mwanangu. Kursi haikatwi hapo." Nikazima. Yeye akaendelea kuisoma palepale ilipoachwa, taratibu, hadi mwisho. Hakuna aliyetikisika, hata wale watoto. Ile nusu aya iliyosomwa na mwanamke wa makamo bila ya taa wala muziki iliingia mwilini kuliko filamu nzima.

Kwa hiyo anayesema aya imevunjiwa adabu yuko sahihi, na kosa hilo lingerekebishwa kwa sekunde ishirini za uhariri. Ila anayetoka hapo akasema basi filamu za majini zisitengenezwe kabisa, hapo namwacha. Waislamu wenzetu wa Uturuki wanazitengeneza. Hasan Karacadağ alianza mfululizo wake wa Dabbe mwaka 2006, na jina lenyewe amelichukua kwenye Qur'ani. Simsemi kama mfano wa adabu, namtaja kwa sababu njia ipo na wapo walioipita.

Kuna pingamizi jingine zito zaidi, na wenye umri wangu tunalijua. Mwaka 1995 khabari za popobawa, zimwi lisemwalo kuwavamia watu usiku majumbani, zilianza Pemba zikavuka hadi Unguja, watu wakawa wanalala nje kwa makundi, moto umewashwa, wazee na watoto pamoja. Mjini Unguja mtu mgonjwa wa akili aliuawa na kundi la watu waliodhani ndiye. Hofu kwetu imewahi kutoa roho ya mtu. Mzee anayesema msiwachezee watu kwa mambo haya hasemi kwa ujinga, na filamu inayoonyesha jirani fulani ni mwanga, yaani mchawi, bila kujali nani atanyooshewa kidole kesho, ni hatari kweli. Filamu hii haikufanya hivyo. Jini wake hakutumwa na mtu, na naona vijana walilifikiria hilo. Wastahiki kusifiwa.

Linaloniuma mimi ni jingine, na sijasikia wengi wakilisema. Kisomo kimefanywa kama swichi ya umeme: maalim anafungua mdomo, jini anashika moto. Aliyekaa kwenye kisomo cha kweli anajua hakiendi hivyo. Ubani unafukizwa, kinasomwa usiku huu na kesho na kesho kutwa, jini anaulizwa jina, anaulizwa ametoka wapi na anataka nini, wala hasemi kweli mara moja. Wapo wanaosema mazungumzo hayo yenyewe hayafai, isomwe ruqya tu, yaani Qur'ani na dua; ubishi huo uko misikitini kwetu hadi leo, na hata huo haumo. Tena majini hawafanani. Watu wa kwetu wanajua ruhani ni Mwislamu na hataki uchafu, na kibuki katoka Bukini, yaani Madagaska, Mkristo, anataka brandi. Sura ya 72, Al-Jinn, inaanza na kundi la majini walioisikiliza Qur'ani wakastaajabu, wakaamini, na baadaye wenyewe wanasema miongoni mwao wapo Waislamu na wapo waliopotoka. Jini anayesikiliza! Angekaa kimya kwenye kona ya chumba hadi Kursi iishe, kisha akamwomba maalim arudie, ni nani angethubutu kwenda kuzima taa?

Nimewaambia vijana hayo yote, na wameniahidi kwamba mkato ule wa Kursi watauondoa. Barakoa wanalipenda bado.

Asubuhi ya pili shangazi alinikuta nakunywa chai, akaniuliza filamu iliishaje, maana hakutaka iwashwe tena. Nikamwambia jini aliungua. "Hilo nimelijua," akasema. "Yule mtoto je? Alirudi skuli?" Nikaifikiria filamu nzima kuanzia mwanzo. Baada ya moto ule msichana haonekani tena.